“Mufasa: The Lion King”: Imeeleza Kila Kitu Isipokuwa Taka

Nilikwenda kuitazama “Mufasa: The Lion King” katika wiki ya Krismasi ya mwaka 2024 nikiwa na mpwa wangu wa miaka tisa, katika ukumbi ambao nusu ya viti vilikuwa vimekaliwa na watoto walio likizoni. Jina la yule simba mdogo anayemsaidia mwenzake kutoka katika mto wenye mamba lilipotajwa, ukumbi uliangua kicheko, na mpwa wangu akaninong’oneza, “Mjomba, kwa nini wamemwita Taka?” Nilimwambia anyamaze atazame, kwa kuwa sikuwa na jibu la kumpa gizani. Swali lile liliendelea kunitafuna kwa muda wote uliobaki, na sasa naamini kwamba ndilo linaloeleza jinsi filamu iliyogharimu zaidi ya dola milioni 200, na kuongozwa na mtu mwenye kipaji kisicho na shaka, ilivyoweza kutuacha tukitoka ukumbini bila jambo la kusimuliana njiani.

Mfululizo huu una umri wa zaidi ya miaka thelathini. Ulianza mwaka 1994 kwa filamu ya katuni iliyochorwa kwa mkono, yenye dakika 88 tu, ambayo waongozaji wake walikuwa Roger Allers na Rob Minkoff. Muziki wake ulimpatia Hans Zimmer tuzo ya Oscar, na wimbo mmojawapo wa Elton John na Tim Rice ukapata nyingine. Zikafuata filamu mbili za kutazamwa nyumbani, moja ya mwaka 1998 iliyomhusu Kiara binti Simba na nyingine ya mwaka 2004 iliyosimulia kisa kile kile kwa macho ya Timon na Pumbaa. Ukafuata pia mchezo wa jukwaani uliofika Broadway mwaka 1997, pamoja na vipindi vya televisheni ambavyo watoto wengi wa leo wanavijua kuliko filamu yenyewe. Mwaka 2019 filamu ya kwanza ikarudiwa, karibu onyesho kwa onyesho, kwa picha za kompyuta zinazofanana na wanyama halisi, ikaingiza zaidi ya dola bilioni 1.6. Baada ya mapato ya namna hiyo, kampuni ya Disney isingeweza kukaa kimya. “Mufasa” inarudi nyuma kusimulia ujana wa baba yake Simba, lakini vilevile inasonga mbele kidogo, kwa kuwa anayesimuliwa kisa hicho na Rafiki ni Kiara, mjukuu wa Mufasa, katika usiku wa dhoruba ambao wazazi wake hawapo karibu.

Sisi tunaozungumza Kiswahili tuna uhusiano wa ajabu na hadithi hii. Waandaaji wa filamu ya kwanza walifika Kenya kabla ya kuanza kuchora, wakatembelea mbuga ya Hell’s Gate, na waliporudi kwao walikuwa na mandhari na fungu la maneno. Kwa mtoto wa Marekani, Simba ni jina zuri lenye mvuto wa mbali; kwa mtoto wa Tanga ni sawa na kumkuta ng’ombe anayeitwa Ng’ombe. Fisi aliitwa Shenzi, ngiri akaitwa Pumbaa kana kwamba kitenzi kimepoteza kiambishi chake njiani, na Rafiki akapewa ule wimbo wake wa kukejeli unaomalizika kwa “wewe nugu, mimi hapana,” ambao hadi leo sijakutana na Mswahili aliyeusikia asicheke. Tulicheka na tukasamehe, kwa kuwa filamu ilikuwa nzuri. Hata habari ya kampuni hiyo kuyasajili maneno “hakuna matata” kuwa alama yake ya biashara nchini Marekani, ambayo mwaka 2018 iliwafanya zaidi ya watu 50,000 watie saini malalamiko mtandaoni, haikulifuta pendo hilo. Ninayasema haya ili msomaji aelewe kwamba sikuingia ukumbini nikiwa na kinyongo.

Kisa chenyewe ni hiki. Mufasa mdogo anaishi na wazazi wake, Masego na Afia, katika nchi yenye ukame, nao humwimbia juu ya mahali pa neema paitwapo Milele. Mvua inakuja kwa ghadhabu, mafuriko yanamchukua, na anaokolewa na Taka, mwana wa mfalme Obasi, pamoja na Eshe, mama yake Taka. Obasi hataki mgeni katika damu yake, kwa hiyo Mufasa analelewa upande wa majike huku Taka akikaa na madume wanaosinzia kivulini. Kisha linatokea kundi la simba weupe wakiongozwa na Kiros, anayetaka pasiwe na mfalme mwingine duniani. Mufasa anamuua mwana wa Kiros alipokuwa akimtetea Eshe, wakati Taka amekimbia kwa woga, na kuanzia hapo vijana hao wawili wanafukuzwa kuelekea Milele. Njiani wanakutana na Sarabi, na Zazu yule hondohondo, na Rafiki aliyetengwa na nyani wenzake. Taka anampenda Sarabi, Sarabi anampenda Mufasa, na yanayofuata tunayajua sote kwa kuwa tuliyaona mwisho wake mwaka 1994, pale ukingoni mwa genge, Taka anapomtupa Mufasa juu ya nyumbu wanaotimka.

Sasa turudi kwenye swali la mpwa wangu. Jina Taka halikubuniwa na filamu hii. Lilitumika katika vitabu vya watoto vilivyotoka pamoja na filamu ya kwanza, na wapenzi wa mfululizo wamelibeba tangu wakati huo. Katika Kiswahili lina sura mbili. Ya kwanza ni ile iliyowachekesha watoto ukumbini, yaani uchafu, kitu kinachosubiri kufagiliwa. Ya pili ni shina la kitenzi cha kutaka, yaani kutamani kitu ambacho mtu hana. Mtoto wa mfalme aliyepewa jina lenye maana hizo mbili amekwisha kuandikiwa tamthilia nzima: baba yake anamwona ndiye hazina ya ukoo, ulimwengu unamwona takataka, na yeye mwenyewe hana analolijua isipokuwa kutaka. Ongeza hapo jina la Sarabi. Neno hilo limo katika Kiswahili, nalo ni mazigazi, yale maji ya uongo anayoyaona msafiri mbele yake juani, ambayo kadiri anavyoyaendea ndivyo yanavyosogea. Ongeza tena Milele. Kwa hiyo tunaye simba aitwaye Kutaka, anampenda simba aitwaye Mazigazi, nao wako njiani kwenda mahali paitwapo Milele. Mshairi wa Lamu angepewa majina haya matatu asubuhi, jioni angekuwa na utenzi.

Waandishi wa filamu hawakuviona vitu hivyo vilivyokuwa mikononi mwao, au waliviona wakavipita. Jeff Nathanson, aliyeandika muswada huu na ule wa mwaka 2019, anayatumia maneno ya Kiswahili kama shanga za shingoni: yanang’aa, yanapendeza, hayabebi kitu. Milele inatamkwa mara nyingi sana, wakati mwingine kwa wimbo, na kila mara ni jina la bonde lenye majani mabichi. Hakuna hata mmoja katika safari ile ndefu anayeuliza neno hilo lina maana gani kwa viumbe wanaokufa, ingawa wawili kati yao tunajua kwamba mmoja atamuua mwenzake. Sisemi kwamba filamu ya Kimarekani ina wajibu wa kutufundisha Kiswahili. Ninachosema ni kwamba jina likichaguliwa kwa sababu ya mlio wake tu, mhusika naye hujengwa kwa mlio tu, na hilo ndilo lililompata Taka.

Kwa maana usaliti wa Taka ndio moyo wa filamu hii, na ndio unaodunda kwa udhaifu kuliko viungo vyote. Nusu ya kwanza inamjenga vizuri. Tunamwona akimpenda ndugu yake wa kuletwa na maji kiasi cha kujifanya ameshindwa katika mbio ili mwenzake asiuawe. Tunamwona baba yake akimfundisha kwamba hila ni chombo cha mfalme. Tunamwona akiona aibu ya kukimbia siku ambayo mama yake alihitaji meno na makucha. Hapo kulikuwa na simba ambaye wivu wake ungeweza kukua polepole, kama unyevunyevu unavyopanda ukutani, mpaka siku moja plasta ikaanguka yenyewe. Badala yake, hasira yote inakuja kwa mkupuo mmoja baada ya Taka kutambua kwamba Sarabi amemchagua Mufasa, unaimbwa wimbo mmoja, na mara tu baada ya wimbo huo anafanya mapatano na Kiros, muuaji ambaye ametoka kuliangamiza kundi la wazazi wake. Mtu anaweza kukubali kwamba wivu wa mapenzi humtia mja wazimu. Ni vigumu zaidi kukubali kwamba mtoto aliyelelewa na Eshe anaweza kuisahau damu ya Eshe kwa muda wa beti tatu, na filamu isisimame hata kidogo kumtazama usoni wakati anaisahau.

Muda huo uliokosekana ulitumika wapi? Ulitumika kueleza mambo ambayo hakuna aliyeyauliza. Tunaonyeshwa fimbo ya Rafiki ilikotoka. Tunaonyeshwa namna Zazu alivyoingia katika utumishi wa mfalme. Lile jabali maarufu ambalo ni makao ya wafalme, na ambalo katika filamu ya kwanza lilisimama tu katikati ya nyika kama Kilimanjaro ilivyosimama bila kumwomba mtu ruhusa, safari hii linajitokeza mbele ya macho yetu baada ya ardhi kutetemeka. Na bila shaka tunaonyeshwa kovu. Taka anajitupa mbele ya ukucha wa Kiros kumkinga Mufasa, anapata jeraha machoni, kisha anaomba aitwe kwa jina la jeraha hilo: Scar, yaani kovu kwa Kiingereza. Wazo hilo peke yake si baya, kwani linamfanya adui achukue alama ya tendo lake jema la mwisho na kuigeuza jina la aibu. Lakini watoto waliofuatilia vipindi vya “The Lion Guard” walikwisha kuelezwa kwamba kovu lilitokana na nyoka aina ya kobra, kwa hiyo uso mmoja sasa una visa viwili vya jeraha moja, na mwenye mali hajali ni kipi cha kweli ilimradi vyote viwili viwe vimelipiwa.

Kuna jambo zito zaidi ya kovu. Katika filamu ya kwanza Mufasa anamwonyesha mwanawe nyota na kumwambia kwamba wafalme wa kale wanawatazama kutoka huko, na kwamba maneno hayo aliyapata kwa baba yake. Usiku ule ndio msingi wa kila kitu: Simba akipotea anaangalia juu, na baba yake anamjibu kutoka mawinguni. Sasa tunaambiwa kwamba Mufasa hakuwa mwana wa mfalme, alikuwa mtoto wa maji aliyeupata ufalme kwa kustahili. Wazo hilo linapendeza, na ninaelewa kwa nini mwongozaji wa siku hizi angependa kuuvunja ufalme wa kurithi. Lakini wafalme wa kale walioko nyotani ni akina nani basi, ikiwa yeye ndiye wa kwanza? Scar naye, aliyelalamika mwaka 1994 kwa dhihaka kwamba urithi wa damu ulimpa akili na kumnyima nguvu za kaka yake, alikuwa akizungumzia damu ipi? Filamu inayojitwika kazi ya kueleza mpaka fimbo ilikotoka inakuwa imejifunga yenyewe kujibu na haya, nayo haijibu.

Barry Jenkins si mwongozaji wa kuokoteza. Filamu yake “Moonlight” ilitwaa Oscar ya filamu bora mwaka 2017, na hapa amekuja na mpiga picha wake wa siku zote, James Laxton. Mkono wao unaonekana. Kamera inawasogelea simba mpaka unahisi pumzi zao, inazunguka nao, inazama nao majini. Ukilinganisha na filamu ya mwaka 2019, ambayo Jon Favreau aliitengeneza kwa ubaridi wa makala ya wanyamapori, hii ina uhai zaidi. Hata hivyo tatizo ni lile lile. Simba anayefanana na simba wa kweli hana nyusi. Andreas Deja, aliyesimamia uchoraji wa Scar mwaka 1994, aliweza kwa mkunjo mmoja wa kope kukuambia kwamba mfalme huyu mtarajiwa anamdharau kila aliyemo chumbani; kompyuta zote za mwaka 2024 zimeshindwa kumpa Taka mkunjo huo, kwa kuwa zimejifunga kwenye kanuni ya kwamba simba halisi hakunji kope namna hiyo. Kelvin Harrison Jr. anaitia sauti yake uchungu, lakini uso unaoitoa umebaki wa mnyama aliyeshiba. Katika mapigano ya usiku nililazimika mara kadhaa kusubiri mmoja aongee ndipo nijue Mufasa ni yupi na Taka ni yupi, na mpwa wangu, ambaye macho yake ni mapya kuliko yangu, alikuwa akiuliza vilevile.

Juu ya nyimbo nitasema machache. Lin-Manuel Miranda, aliyezitunga, ana ufundi wa kupanga maneno, na ule wimbo wa utotoni wa wale ndugu wawili, ambao unawakuza tukiwatazama, ni dakika chache za furaha halisi. Wimbo wa Kiros, “Bye Bye,” ni mwepesi mno kwa simba anayedhamiria kuua wafalme wote duniani; Mads Mikkelsen anauimba kama mtu anayeaga wageni baada ya chai. Nyingine sikuweza kuzikumbuka nilipofika kwenye maegesho. Sauti ya mwimbaji Lebo M ile ya alfajiri, inayoifungua filamu ya kwanza, ambayo kila mtoto wa miaka ya tisini anajaribu kuiigiza bila kujua Kizulu, inasikika bado, na kila inapopita unatambua kinachokosekana katika nyimbo zilizoizunguka.

Timon na Pumbaa wanaikata hadithi kila inapoanza kushika kasi. Rafiki anasimulia, tunaanza kuingia ndani, mara tunarudishwa pangoni ambako nguchiro na ngiri wanalalamika kwamba wao hawamo katika kisa. Mara ya kwanza nilitabasamu. Kufikia mara ya nne nilihisi kama ninasimuliwa hadithi na bibi huku mtu amewasha redio ya jirani. Katika filamu ya kwanza wawili hao walikuwa na kazi: walimfundisha Simba kusahau, na huko kusahau kukawa kosa alilopaswa kulirekebisha. Hapa hawana kazi yoyote, na utani wao mwingi unawalenga wazazi waliokwisha kuona filamu na michezo iliyotangulia, si watoto.

Yapo niliyoyapenda, na ni haki yayo yatajwe. Aaron Pierre, sauti ya Mufasa, amebebeshwa mzigo wa kuirithi sauti ya James Earl Jones, Mufasa wa filamu ya kwanza, aliyefariki Septemba 2024 na ambaye filamu imetabarukiwa kwake, na ameubeba bila kumwigiza. Utulivu wa sauti yake ndio unaomfanya Mufasa aonekane mfalme kabla ya wengine kumwita hivyo. John Kani, kwa sauti ya Rafiki mzee, anasimulia kama mtu anayejua kusimulia, akipumzika mahali pa kupumzika. Sehemu ambayo Eshe anamfundisha Mufasa kuwinda, kuinusa hewa na kuisikiliza ardhi kwa nyayo zake, ina upole na akili. Hapo filamu inasema, bila kuhubiri, kwamba mfalme huyu alifunzwa ufalme na mama wa kambo miongoni mwa majike, wakati mrithi halali alikuwa akifunzwa kulala. Laiti ingebaki hapo kwa dakika ishirini nyingine. Mafuriko ya mwanzoni nayo yametengenezwa kwa namna ambayo mtu aliyewahi kuona mto ukijaa ghafla ataitambua.

Filamu imepata zaidi ya dola milioni 700 duniani kote, kwa hiyo hakuna anayehitaji kuwahurumia watengenezaji, na tutarajie kuitwa tena ukumbini baada ya miaka michache kuelezwa Zazu alitagwa katika kiota kipi. Kwa mzazi anayejiuliza kama ampeleke mtoto au amwekee nyumbani: dakika 118 ni ndefu kwa walio chini ya miaka sita, simba weupe wanatisha kidogo, damu haionekani, na hakuna kitu kitakachomfanya mtoto akose usingizi. Mimi ninaipa nyota mbili na nusu kati ya tano. Nusu ile ni ya Eshe.

Jumamosi iliyofuata mpwa wangu aliomba tuitazame ile ya mwaka 1994, ambayo alikuwa ameiona zamani na kuisahau nusu. Alitazama kimya mpaka pale ukingoni, Mufasa akiwa ananing’inia kwa makucha na Scar akiwa ameinama juu yake, akimtabasamia. Akaniuliza, “Mjomba, huyu ndiye yule Taka?” Nikamjibu kwamba ndiye. Akamtazama tena kwa muda, akakunja uso.

“Mbona huyu anajua anachokitaka?”